Aliyekaa Ngamani

Lamu

Nahodha aliuliza neno moja tu, la maji: "Mai?" Kijana aliyeinama ngamani, chini kabisa ya chombo, upo wa kufulia maji mkononi, akajibu bila kuinua kichwa: "Haba." Ndipo tanga likatwekwa.

Tulikuwa watu watano juu ya magunia ya simenti, tunakwenda Siyu, kisiwani Pate. Ilibidi tuwahi maji yakiwa yamejaa, kwa sababu njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, ni nyembamba na kina chake ni kifupi. Chombo chenye shehena kikichelewa hukwama mchangani mpaka maji yarudi. Nahodha alikuwa mtu wa makamo, msema machache, jicho lake halibanduki kwenye tanga. Mabaharia wawili walishughulika na kamba. Yule kijana, ambaye sidhani kama alikuwa ametimiza miaka 18, kazi yake ilikuwa kufua maji na kuchemsha chai.

Niliandika daftarini kila mara nahodha alipouliza. Kabla ya kutweka tanga. Kabla ya kubisha. Kabla ya kuingia Mkanda. Swali lile lile, sauti ile ile, kama mtu anayeuliza saa. Mara ya tatu jibu lilibadilika: "Mangi," yaani mengi.

Hakuna aliyefoka. Hakuna aliyemuuliza kijana alikuwa wapi muda wote huo. Nahodha alilegeza kamba ya demani, chombo kikapunguza mwendo, baharia mmoja akahamisha magunia kadhaa ya upande wa kushoto, na nyuma yake ukaonekana mshono uliofunguka, maji yakipenya taratibu. Wakaushindilia pamba ya kalafati, magunia yakarudi mahali pake, safari ikaendelea. Nilitazama saa yangu: dakika 20, hazikuzidi.

Siyu, tulipokaa kupata kahawa, nilimuuliza nahodha kwa nini haendi kuitazama ngama mwenyewe. Ni hatua mbili tatu tu kutoka kwenye usukani.

"Mimi natazama tanga," alisema. "Anayetazama tanga haoni ngama. Na yule ni mtoto wa watu, ana adabu zake. Nisipomuuliza ataninyamazia kwa kunistahi. Maji hayanistahi."

Usiku ule niliandika kurasa nne juu ya jambo hilo la adabu, maana limenisumbua miaka mingi. Nimehudhuria semina za uongozi ambako wawezeshaji hutuambia kwamba tatizo la ofisi zetu ni malezi: tumefundishwa kwamba mdogo hasemi mbele ya mkubwa, kwa hiyo tuwafundishe vijana kujiamini, waropoke tu, heshima waiache getini. Sikuwahi kuona jambo hilo likifanikiwa. Kijana anatikisa kichwa kukubali, kisha anarudi mezani kwake na kunyamaza kama alivyonyamaza jana. Nahodha wa Siyu hakuivunja adabu ya mtu. Aliitumia. Mdogo haanzi kusema mbele ya mkubwa, ni kweli. Lakini mkubwa akimuuliza, adabu hiyo hiyo inamtaka ajibu, tena ajibu kweli. Mzigo basi hauko kwa kijana. Uko kwa mwenye usukani, kukumbuka kuuliza.

Mtwara

Nieleze kwa nini nilianza kuandika daftari hili.

Miaka 11 iliyopita nilikuwa msimamizi wa ghala la korosho Mtwara. Ulikuwa msimu wenyewe, wakati wa minada, magunia yanapanda hadi karibu na kenchi, na kila gunia ni jasho la mkulima ambaye ana stakabadhi yake mkononi na anasubiri malipo. Kila Jumatatu tulikuwa na kikao. Ajenda zilikuwa saba, na kila aliyewahi kukaa katika kikao cha Kiswahili anaweza kuzitaja akiwa amefumba macho: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, taarifa ya hili, taarifa ya lile, Mengineyo, kufunga.

Nilikuwa msemaji sana. Nilidhani kuongoza ni kueleza. Jumatatu moja nilieleza takwimu za mapokezi, nikaeleza ratiba ya malori, nikaeleza tena yale niliyokwisha kuyaeleza, na tulipofika Mengineyo ilikuwa inakaribia saa saba mchana, harufu ya wali wa mama lishe imeshaingia dirishani. Nikauliza, "Kuna mwenye la nyongeza?" Huku nauliza, mkono wangu unafunga faili.

Alhamisi usiku mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi tulikuta magunia 54 yamelowa, upande wa nyuma kabisa, chini ya bati lililoachia misumari. Mlinzi wa usiku alikuwa amemweleza mtunza ghala habari za bati lile tangu wiki ya nyuma. Mtunza ghala alikuwa ameliandika jambo hilo kwenye karatasi, akaja nayo kikaoni ikiwa mfukoni. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwa upole ambao mpaka leo unaniuma: "Nilisubiri Mengineyo, bosi. Nikaona unafunga faili."

Sikumlaumu mtu mwingine siku ile, na silaumu leo. Wakulima walilipwa baada ya mvutano mrefu. Lakini tangu hapo, kila ninakokwenda, kwa kazi au kwa matembezi, natazama jambo moja: watu hawa Mengineyo yao wameiweka wapi? Katika mashua ya Siyu ilikuwa ya kwanza, kabla ya tanga. Kwetu ilikuwa ya mwisho, njaa ikiwa imeingia.

Ifakara

Basi kutoka Morogoro lilipita Mikumi, likaingia kwenye miwa ya Kidatu, na jioni likanishusha Ifakara, katikati ya bonde la mpunga la Kilombero. Nilikuja kumwona mama mmoja, nesi mstaafu wa chumba cha upasuaji, shangazi wa rafiki yangu. Nilipomwamkia alinikaribisha kwa wali na perege, na nilipomweleza shida yangu ya Mengineyo alicheka, kisha akasema kwamba nimefika penyewe.

Ni kweli, nilikuwa nimefika penyewe. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilifanya jaribio katika hospitali nane za miji minane: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kilichojaribiwa hakikuwa dawa wala mashine. Kilikuwa ukurasa mmoja wa karatasi wenye vipengele 19, ulioandaliwa na timu iliyoongozwa na daktari wa upasuaji Atul Gawande wa Boston. Karatasi hiyo inawataka watu wa chumba cha upasuaji wasimame mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa nusu kaputi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Wanaulizana kwa sauti. Huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Dawa ya kuzuia maambukizi ameshapewa? Damu itamwagika kiasi gani? Vifaa vimehesabiwa?

Na katika kusimama kwa pili kuna kipengele ambacho mtu asiyejua kazi ile angekiona cha kupoteza muda: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane zikijumlishwa, matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nilizisoma namba hizo mara nyingi kabla ya kufika Ifakara. Nilikuwa sijaelewa kutaja jina kunaingiaje hapo.

Mama alinielewesha. Zamani, katika hospitali nyingine ambayo hakuitaja nami sikumshurutisha, alifanya kazi miaka sita na daktari ambaye hakuwahi kulijua jina lake. Daktari alikuwa akinyoosha mkono na kusema "mkasi", "uzi", "gozi". "Sasa mwanangu," alisema, "mtu ambaye kwake wewe ni mkasi, utamwambiaje kwamba amekosea? Mkasi hauongei." Siku moja hesabu ya gozi haikutimia, moja ilikosekana. Alijua. Alihesabu tena kimoyomoyo, akahesabu tena, akatafuta chini ya meza, na daktari tayari ameanza kushona. Alipata ujasiri mwishoni kabisa, sauti ikitetemeka, na gozi ikapatikana ilipokuwa, ndani ya mgonjwa. Nilimuuliza ilichukua muda gani kati ya kujua na kusema. Akanyamaza kidogo. "Muda mrefu kuliko nilivyowahi kukiri."

Ile karatasi ilipofika kazini kwake, alisema, mambo mawili yalibadilika. La kwanza, kinywa kilichofunguka mara moja kutaja jina hakioni tabu kufunguka mara ya pili. La pili, na hapa nilikumbuka mashua ya Siyu, hakuwa tena nesi anayemkatiza daktari. Karatasi ndiyo iliyouliza gozi zimetimia au hazijatimia. Yeye alijibu tu. "Nilikuwa najibu swali," alisema. "Hakuna anayekasirikia jibu la swali aliloliuliza mwenyewe."

Nililala Ifakara siku mbili zaidi ya nilivyopanga.

Angani, kisha Nagoya

Ndege ni mahali pabaya pa kufikiria Tenerife, lakini ndiko nilikoyaandika haya. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa hicho cha Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana ardhini ndani ya ukungu, wakafa watu 583. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mwalimu wa marubani, mtu aliyeheshimiwa sana katika shirika lake. Alianza kukimbiza ndege bila kupewa ruhusa ya kuruka. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yake, alisikia kwenye redio kitu kilichomtia shaka, akauliza kama ile ya Pan Am imeshatoka barabarani. Rubani mkuu akajibu kwamba imetoka, kwa mkazo. Mhandisi hakuuliza tena.

Aliyekuwa ngamani alisema, na hakusikika. Kwa hiyo kusema peke yake hakutoshi, na ndiyo maana sipendi wanaoyamaliza mambo haya kwa kuwaambia wadogo "semeni". Miaka iliyofuata mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani somo jipya, namna wanaofanya kazi pamoja katika chumba cha marubani wanavyopaswa kuulizana, kujibizana na kusikilizana. NASA iliitisha warsha juu yake mwaka 1979, na United Airlines wakaanza mafunzo kamili mwaka 1981. Somo lile liliwahusu manahodha kwanza.

Nagoya nilikaa siku tatu, na nusu ya siku moja niliitumia katika jumba la makumbusho la Toyota, majengo ya matofali mekundu yaliyokuwa kiwanda cha kufuma nguo mwaka 1911, kabla kampuni hiyo haijafikiria magari. Pale wana mtambo wa kufumia uliotengenezwa na Sakichi Toyoda mwaka 1924. Mojawapo ya sifa zake: uzi ukikatika, mtambo unasimama wenyewe. Mtambo usioweza hivyo huendelea kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu atambue. Mhudumu alitufanyia mfano, mtambo ukanyamaza ghafla, na mimi nikawaza bati la Mtwara.

Wazo hilo ndilo Toyota waliloliingiza baadaye kwenye viwanda vya magari. Juu ya mstari wa kazi ilipita kamba. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa wiki ile, alipoona kasoro aliivuta; taa ikawaka, muziki ukalia, na kiongozi wa kikundi chake akaja hapo hapo. Wakiimaliza pamoja kabla gari halijafika alama ya mwisho ya kituo, kazi iliendelea. Wasipoimaliza, mstari mzima ulisimama. Kwao Mengineyo haikusubiri kikao. Ilining'inia juu ya kichwa cha kila mtu, siku nzima.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wajapani, kwetu hayawezekani. Hoja hiyo ilijibiwa mapema. Mwaka 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California, kilichosifika kwa ugomvi kati ya wafanyakazi na wakubwa. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, na wengi walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani, wa chama kile kile. Ubora wa magari yao ukabadilika. Watu hawakubadilishwa, ilibadilishwa namna wakubwa walivyokuja walipoitwa. Kamba yenyewe si kitu. Kama kiongozi anakuja amekunja uso, itavutwa mara moja na haitavutwa tena.

Kigali

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa mbili asubuhi, mwenyeji wangu alinipa koleo. Ni umuganda: maduka yamefungwa, magari hayapiti, mtaa mzima uko nje. Sisi tulizibua mtaro mpaka saa tano, kisha watu wakakaa kwenye majani kufanya mkutano. Mwenyeji wangu alinitafsiria kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na akaongeza maelezo yake mwenyewe palipohitajika.

Kilichonipendeza ni mpangilio: jasho kwanza, maneno baadaye. Mtu uliyeshika naye upande wa pili wa jiwe hawezi kukutisha saa moja baadaye. Mama mmoja, matope bado miguuni, alisimama akasema mtaro tuliouzibua umeziba kwa sababu ya jirani anayemwaga kifusi, akamtaja, na jirani mwenyewe alikuwepo, na wakaelewana pale pale. Lakini kabla ya hapo kiongozi wa mtaa alisoma matangazo kwa muda mrefu juani, na niliona watoto, kisha vijana, kisha wanaume, wakiondoka mmoja mmoja kwa visingizio. Kama yule mama angekuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, naye angeondoka. Matangazo yangeweza kusubiri.

Nairobi

Ofisi ya vijana watengeneza programu, ghorofa ya nne. Kila asubuhi wanasimama duara, dakika 15, kila mmoja aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Mpango ni mzuri. Niliwatazama macho tu: wote tisa walimtazama meneja walipokuwa wanaongea, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kwenye swali la tatu, wote tisa walisema hakuna kinachowakwamisha. Baadaye, penye mashine ya kahawa, watatu kati yao walikuwa wanaelezana yanayowakwamisha.

Dar es Salaam

Ghala ninalosimamia sasa liko Kurasini, si la korosho. Jumatatu iliyopita niliandika ajenda upya kwenye ubao. Namba moja: Mengineyo. Katibu aliniuliza kama nimekosea. Nikamwambia hapana.

Nilimwomba mlinzi wa usiku asiende nyumbani kwanza, akae nasi robo saa, na muda huo alipwe. Sikukaa kwenye kiti cha kichwani mwa meza. Nilikaa pembeni, karibu na mlango. Na nilikuwa nimejifunza jambo jingine dogo kwa nahodha, ambalo lilinichukua muda kuliona: swali lake lilikuwa na jibu. "Kuna mwenye la nyongeza?" halina jibu ila kutikisa kichwa. "Mai?" linamtaka mtu atazame kitu, halafu aseme alichokiona.

"Mzee," nilimwambia mlinzi, "jana usiku, ulipozunguka, uliona nini?"

Alitazama sakafu. Wengine wakatazama sakafu. Nje kontena lilikuwa linashushwa, likagonga chini, kukawa kimya tena. Mkono wangu ulianza kwenda kwenye faili, nikauona, nikaurudisha pajani. Sijui ilikuwa dakika moja au mbili. Kwangu ilikuwa ndefu.

"Lango la nyuma, bosi," alisema hatimaye. "Kufuli linafunga vizuri. Lakini bawaba ya chini imekatika. Ukilisukuma kwa bega linaachia."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu."

Nikaandika. Nilipoinua kichwa, mtunza ghala alikuwa ameshatoa karatasi mfukoni mwake, anaikunjua mezani.

"Na mimi ninalo," alisema.